Je, Wajua? Nundu Kubwa Si Lazima Iwe ya Hatari

Mtoto akianguka na kugonga kichwa, ukubwa wa nundu pekee si kipimo cha hatari. Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi ya damu, ndiyo maana hata pigo dogo huvimbisha paji la uso papo hapo. Kinachowatia madaktari wasiwasi zaidi, hasa kwa mtoto wa chini ya miaka 2, ni uvimbe laini kisogoni au ubavuni mwa kichwa, juu ya sikio: huenda fuvu limepasuka. Kimo nacho kina uzito. Kwa umri huo, kuanguka kutoka karibu mita 1 au zaidi, tuseme mezani au mgongoni mwa dada aliyembeba, kunatosha kumpeleka akaangaliwe.

Na usingizi? Wazazi wengi humkatalia mtoto kulala usiku kucha. Jamani, mwacheni apumzike ikiwa alilia papo hapo, akabembelezeka, akanyonya na kucheza kama kawaida. Asiyeamshika ndiye wa kukimbizwa hospitali usiku huohuo, sawa na aliyezimia, anayetapika tena na tena, aliyepata degedege, au anayetokwa na majimaji maangavu puani au masikioni.