Rubani Asiyeona Nje: Vyombo Viongozavyo Ndege Mawinguni

Mtu asimamaye Muheza mjini wakati wa masika na kutazama upande wa magharibi, mara nyingi haioni milima ya Usambara Mashariki. Vilele vyake, ambavyo baadhi hufikia mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, huwa vimefunikwa na wingu zito. Ndege iendayo Tanga ikiingia katika wingu kama hilo, rubani hubaki na weupe mtupu mbele ya kioo chake. Haoni ardhi, haoni bahari, wala haoni upeo wa macho. Je, atajuaje kwamba ndege yake imekaa sawa, na kwamba haielekei mlimani?

Wengi watajibu kwamba mwili wake utamwambia. Jibu hilo si sahihi, nalo limegharimu maisha ya watu wengi.

Ndani ya sikio la binadamu mna mifereji mitatu midogo iliyopinda, yenye ugiligili. Kichwa kigeukapo, ugiligili huo hubaki nyuma kidogo, na kwa njia hiyo ubongo hutambua kuwa mwili unageuka. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa bakuli la maji na vipande vichache vya majani makavu vieleavyo juu yake. Lizungushe bakuli polepole: mwanzoni majani hukaa mahali pake. Endelea kwa mwendo ule ule: baada ya muda maji hufuatana na bakuli, na tofauti baina yake hutoweka. Lisimamishe ghafla: maji huendelea kuzunguka. Ndivyo lilivyo sikio. Ndege ikigeuka kwa mwendo usiobadilika, baada ya muda mfupi rubani asiyeona nje huhisi kwamba inakwenda moja kwa moja. Na akiinyoosha, huhisi kwamba inageukia upande wa pili. Tena, ikianza kulala upande mmoja polepole mno, huenda asihisi lolote tangu mwanzo.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vyombo. Walizuiwa kuona nje wakiwa angani. Wote walishindwa kuitawala ndege, kwa wastani katika sekunde 178, yaani muda usiotimia dakika tatu.

Dawa ya udhaifu huo ilipatikana katika gurudumu. Chukua gurudumu la baiskeli, ulishike kwa ncha mbili za ekseli yake, na mwenzako alizungushe kwa kasi. Kisha jaribu kuliinamisha. Utaona kwamba linashindana na mikono yako, kwa maana kitu kizungukacho kwa kasi hudumisha mwelekeo wa mhimili wake. Kifaa kilichojengwa juu ya kanuni hii huitwa jairoskopu. Katika chombo kiitwacho upeo bandia, jairoskopu hushikilia mwelekeo wake huku ndege ikiinama, na mchoro mdogo humwonyesha rubani kama mabawa yamelala au pua imeinuka. Vyombo vingine viwili vya namna hii huonyesha uelekeo wa ndege na kiasi inachogeuka. Tarehe 24 Septemba 1929, Mmarekani James Doolittle aliruka, akazunguka na kutua huku amefunikwa asione nje, akiongozwa na vyombo na redio tu.

Vyombo vitatu vilivyobaki hutegemea hewa: kipimamwinuko, kipimakasi, na chombo kionyeshacho mwendo wa kupanda au kushuka. Kipimamwinuko ni barometa iliyoandikwa futi au mita badala ya milibari. Barometa ikisoma milibari 1,013 ufukweni Tanga, ukiipeleka Amani, penye mwinuko wa karibu mita 900, itashuka kwa milibari 100 hivi. Lakini mgandamizo wa hewa hubadilika hata kwa mtu aliyesimama mahali pamoja. Katika nchi za joto hupanda na kushuka mara mbili kila siku, ukifika kilele karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, kwa tofauti ya milibari 3 hivi. Karibu na usawa wa bahari, milibari moja ni sawa na mita 8 hadi 9. Basi kipimamwinuko kisichorekebishwa chaweza kukosea kwa mita 25 ilhali ndege haijaondoka uwanjani. Ndiyo sababu rubani hutajiwa mgandamizo wa wakati huo kabla ya kutua.

Kipimakasi nacho hulinganisha mgandamizo wa hewa igongayo mdomo wa bomba dogo na ule wa hewa tulivu. Nyigu akilijaza bomba hilo udongo ndege ikiwa imeegeshwa, chombo bado kitatoa jibu, lakini la uongo. Ndege iliyoanguka karibu na Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, tarehe 6 Februari 1996, iliua watu 189. Bomba mojawapo lilikuwa limeziba, na nyigu wakashukiwa.

Kwa hiyo rubani aliyefuzu kuruka kwa vyombo hauamini mwili wake, wala hakiamini chombo kimoja peke yake. Macho yake hutoka kwenye upeo bandia kwenda kipimamwinuko, hurudi, huenda kipimakasi, hurudi tena. Pua ikionyeshwa kuwa imeinuka na nguvu ya injini haikubadilishwa, kasi inapaswa kupungua. Visipopatana, kimojawapo kina ila. Katika ndege nyingi za leo habari hizi zote zimekusanywa katika vioo vya kielektroniki, bali kazi ya macho ni ile ile.

Afrika Mashariki inalijua jambo hili kwa uchungu. Baada ya saa sita usiku, tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways, safari namba 507, iliruka kutoka Douala, Kameruni, kuelekea Nairobi. Kulikuwa na giza nene. Ilidhaniwa kwamba mtambo wa kujiendesha umeshika uongozi, kumbe sivyo. Ndege ikalala upande wa kulia, polepole, bila mtu kuhisi. King'ora kilipolia, ilikuwa imepita digrii 30. Ikaanguka katika kinamasi cha mikoko, wakafa wote 114 waliokuwamo. Wachunguzi walieleza kwamba marubani walipoteza hisia ya mwelekeo, na kwamba wakati ndege ilipokuwa ikilala, vyombo havikuwa vikitazamwa.

Shule yenye barometa inaweza kuanza somo hili bila ndege. Wanafunzi na waisome kila saa, tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, kwa juma zima, wakichora grafu. Watakapoona sindano ikishuka mchana kana kwamba shule yao inapanda mlima, watakuwa wamefikia swali ambalo rubani mawinguni hana budi kujiuliza: chombo hiki kinapima nini hasa?