Kura Iliyopigwa na Kura Isiyopigwa: Abyei na Mantiki ya Thamani Nyingi

Makala haya yanaeleza kwa nini mantiki ya thamani mbili, inayoshikilia kwamba kila kauli ama ni kweli ama ni uongo, haitoshelezi baadhi ya maswali ya sera katika ukanda wetu. Mfano wetu ni Abyei.

Mnamo Januari 2011 wapiga kura wa Sudan Kusini walikuta alama mbili kwenye karatasi: mikono iliyoshikana, yaani umoja, na kiganja kimoja kilichoinuliwa, yaani kujitenga. Asilimia 98.83 walichagua kujitenga, na tarehe 9 Julai uhuru ukatangazwa Juba. Kura ya Abyei, iliyopaswa kupigwa wakati huohuo, haikupigwa, kwa kuwa pande mbili hazikuafikiana nani ahesabiwe mkazi, hususan kuhusu wafugaji wa Misseriya wanaohamahama kwa majira. Je, kauli "Abyei ni sehemu ya Sudan Kusini" ina thamani gani?

Mwaka 1920 Jan Łukasiewicz, mwanamantiki wa Poland, alipendekeza thamani ya tatu kwa kauli ambazo jambo lake halijaamuliwa. Katika mfumo wake, kanusho la kauli isiyoamuliwa nalo halijaamuliwa. Kwa hiyo, kushindwa kuthibitisha kwamba Abyei ni ya Juba si uthibitisho kwamba ni ya Khartoum. Katiba ya Mpito ya 2011 ilizingatia jambo hilo: ililitaja eneo hilo kwa sharti, endapo uamuzi wa mwisho utaliweka ndani ya Jamhuri.

Hata hivyo, thamani tatu hazitoshi. Itifaki ya Abyei ya 2004 iliwafanya wakazi kuwa raia wa Kordofan Magharibi na pia wa Bahr el Ghazal, wenye uwakilishi katika mabunge yote mawili. Aliyeuliza "Je, mkazi huyu ni wa kusini?", akidhani kila mtu ana upande mmoja tu, alipata ndiyo na hapana kwa pamoja. Nuel Belnap, mwaka 1977, alieleza mfumo wa thamani nne: kweli, uongo, vyote viwili, na hakuna hata kimoja. Katika mfumo huo mgongano kuhusu jambo moja hauruhusu kuhitimisha lolote lile kuhusu mambo mengine.

Tofauti hii ina uzito wa kisera. Palipo na ukimya, panahitajika uamuzi. Palipo na majibu mawili, panahitajika kanuni ya kueleza lipi litangulie na kwa shughuli gani. Fomu ya usajili yenye visanduku viwili tu humlazimisha karani kuamua kile ambacho mataifa mawili hayajaamua, na mkazi hubeba matokeo yake katika uraia, kura na ardhi. Inapendekezwa, kwa hiyo, daftari za maeneo yenye mgogoro ziandike hali zote nne. Mantiki haitaamua hatima ya Abyei, lakini inaweza kuzuia ukimya usihesabiwe kuwa jibu.