Piano kwa telefone: tuliyojifunza, na falanga tuliyopoteza

Mutu akitoka poste ya usiku kule mgodini anataka maji ya moto, bukari na usingizi. Kwetu hapa Kolwezi tuliongeza kitu cha nne: solfeji.

Ilianza hivi. Mpiga piano wa kwaya yetu alipata kazi kwenye kampani ya mbali, akahama. Mwalimu wa kwaya akatuuliza: «Kwenu hakuna mutu?» Hakukuwa. Kulikuwa tu na binti wetu wa miaka 12 mwenye sikio zuri, na baba yake mwenye vidole vilivyozoea mashini. Tukasema wajifunze wote wawili, kwa telefone.

Tulinunua kinanda cha okazio chenye tushi 61. Piano kubwa iko na 88, nyeupe 52 na nyeusi 36, lakini kwa mwenye kuanza 61 zinatosha.

Shida ya kwanza ilikuwa majina. Binti akaita: «Papa, huku banasema C, siye tunayua do!» Masomo mengi kwenye intaneti ni ya Kiingereza. Tukaandika kwa chaki ukutani: C ni do, D re, E mi, F fa, G sol, A la, B si. Tangu siku ile hatukupotea tena.

Shida ya pili iliuma. Programu moja ilisema juma la kwanza ni bure. Tukatia nambari ya karata ya banki. Programu haikutupendeza, tukaifuta kwenye telefone, tukafikiri imeisha. Juma lilipopita, falanga ya mwaka mzima ikakatwa. Ilikuwa minervali ya batoto. Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu: «Ile piano njo itaenda ku masomo pa nafasi ya batoto?» Tuliwaandikia wenye programu, hawakurudisha kitu. Ilibidi tuombe wenzetu wa likelemba watupe zamu yetu mbele.

Basi sikieni: kufuta programu si kuvunja mapatano. Ukijaribu kitu cha bure, vunja malipo siku ile ile, ndani ya telefone, na uhakikishe. Tena, video za bure za kuanzia ziko mingi.

Umeme na mega vilitufundisha akili nyingine. Tulipakua video wakati mtandao ni mzuri, tukaziangalia baadaye. Umeme ukikatika, tulichora tushi kwenye karatoni. Hapo ndipo tulielewa gama: kutoka do, ni hatua nzima, nzima, nusu, nzima, nzima, nzima, nusu. Ndiyo sababu kati ya mi na fa, na kati ya si na do, hakuna tushi nyeusi. Ukianza kwa sol, hesabu ile ile inakulazimisha ufinye fa diezi. Halafu akodi tatu: do-mi-sol, fa-la-do, sol-si-re. Hizo tu zinabeba nyimbo mingi za kanisa.

Neno kwa wenye kufanya kazi karibu na mitambo: ukitoka kazini masikio yamechoka, na utapandisha sauti ya ekuta bila kujua. Baba anafanya mazoezi mbele ya kazi, dakika 15, sauti chini.

Na video haioni mkono wako. Kila siku ya posho mzee mmoja wa kwaya anakuja kuangalia kama viganja vinaanguka. Tusidhani solfeji ni ya Wazungu peke yao: Joseph Kiwele, mtu wa hapa kwetu Katanga, alitunga Missa Katanga katika miaka ya 1950.

Kisha miezi minne, binti alipiga siku ya Mungu. Kwenye ubeti wa pili akapotea. Kwaya haikusimama, akangoja, akaingia tena kwenye kiitikio. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, Mama akasema: «Sasa minaona kwenye ile minervali iliendaka.»

Baba mkono wa kushoto bado unamushinda. Na deni la likelemba bado tunalipa, kidogo kidogo.