Kilimo cha Mgagani

Wakulima wa Ndundu na wa bonde lote la Rufiji waujua mgagani tangu utotoni, lakini ni wachache waliopata kuupanda. Wengi huungoja uote wenyewe katika mahame na karibu na majaa, wakauchuma. Na uotapo katikati ya mahindi huung'oa kwa hasira. Yote mawili yana sababu, kwani mmea huu ni mboga njema na ni gugu baya, na tofauti iko mikononi mwa mwenye shamba.

Majani yake ni matano, yametoka mahali pamoja kama vidole vya mkono, na maua ni meupe au ya zambarau hafifu. Watu wengine wa pwani huuita mkabilishemsi, na jina hilo ni la haki, maana majani yake huligeukia jua liendapo. Huota, hutoa maua, huzaa na kufa katika msimu mmoja.

Faida yake kubwa ni upesi wake. Mafuriko ya mwaka 2024 yalifunika mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti. Baada ya maji kama hayo, mahindi yataka miezi mitatu au zaidi, bali mgagani huanza kuchumwa baada ya majuma matano hivi. Lakini usiupande penye maji yaliyosimama, kwa kuwa hauyavumilii. Ngoja udongo upumue, au chagua mahali palipoinuka.

Mbegu ni ndogo mno. Zichanganye na mchanga mkavu, uzimwage katika vifereji vyenye nafasi ya futi moja, uzifukie kidogo tu, pungufu ya nusu inchi. Mbegu mpya hulala, hazioti vema. Tumia zilizokaa miezi mitatu hadi sita, zimehifadhiwa katika kibuyu kikavu. Miche ikisongamana, ipunguze, nayo hiyo uliyong'oa ni mboga. Kisha kata vikonyo vya juu na maua mara yatokeapo, ili mmea utoe matawi na majani zaidi.

Sasa sikiliza habari ya maganda. Ni membamba na marefu, na yakikauka hupasuka yenyewe na kumwaga mbegu chini. Mimi mwenyewe mwaka mmoja nilichelewa siku chache tu kuvuna mbegu katika bustani yangu, na msimu uliofuata nilipalilia mgagani katika matuta ya bamia hadi mgongo ukauma. Basi acha mimea mitano au sita tu ya mbegu, mbali na shamba la nafaka. Maganda yakianza kuwa manjano, yakate, uyaanike juu ya mkeka, uyapige, uyapepete kwa ungo. Mimea mingine yote ing'oe kabla haijazaa. Yenye maganda usiitupe katika shimo la mboji, maana utaipeleka tena shambani pamoja na samadi.

Majani yana uchungu. Akina mama huyachemsha, wakamwaga maji, wakayaunga kwa tui la nazi au karanga. Lakini mwenye kumwaga maji mengi humwaga na sehemu ya nguvu ya mboga.

Ikiwa shamba lako limekwisha kuingiwa, palilia mara mbili, na kila mara kabla ya maua. Yale ya palizi ya kwanza ni machanga. Yapeleke jikoni siku ile ile, kabla hayajanyauka.