Desemba Uchagani: Tulihesabiwa, mmoja hakuwepo

Kila ikikaribia Krismasi, Watanzania huwatania Wachaga kwamba wanakwenda Moshi kuhesabiwa. Ukiomba ruhusa kazini wiki ya mwisho ya mwaka, lazima mtu akuulize, "Na wewe unakwenda kuhesabiwa?" Ni utani wa siku nyingi na haumkasirishi mtu. Maduka mengi ya Kariakoo hufungwa, tiketi huadimika, na kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis hufurika tangu alfajiri. Treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019, baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20, iliwapunguzia wengine adha, lakini wengi wetu bado tunapita Chalinze, Segera, Korogwe na Same, mchele na mafuta ya kula vikiwa kwenye buti. Januari tunateremka na mikungu ya ndizi.

Kwamba tunahesabiwa ni kweli. Siku chache hizo ukoo hujua nani amezaliwa, nani ameoa, nani kazi imemwishia na hasemi, nani hajapiga simu tangu Pasaka. Kwetu Mwika hesabu ya mwaka huu ilikuwa na pengo. Mama alifariki Julai.

Tulimzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, kando ya baba, hatua chache kutoka migomba ya mchare aliyoipalilia mpaka nguvu zilipomwishia. Tulipofika Desemba, kazi ya kwanza haikuwa kuchinja. Watoto walipewa mafagio wakasafisha makaburi, vijana wakafyeka majani, mmoja akapaka chokaa kingo za kaburi la babu. Udongo wa kaburi jipya ulikuwa umetitia upande mmoja kwa mvua za vuli, ikabidi uongezwe kabla ya kaburi kujengewa. Hayo yalifanyika huku redio ikiimba na watu wakibishana kuhusu mpira. Mgeni angeweza kudhani ni usafi wa kawaida.

Pengo lenyewe tulilisikia kwenye mbege. Miaka yote mama ndiye aliyepika. Kwa wasioijua: ndizi mbivu huchemshwa kwenye pipa kwa saa nyingi hadi zigeuke rangi, huachwa siku kadhaa zichachuke, huchujwa, halafu maji yake huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Wapo wanaotia gome la msesewe ili ipate ukali. Maelezo ni mepesi; kujua uji umepoa kiasi gani ndipo uuchanganye, hilo halijaandikwa popote. Safari hii alipika mke wa kaka, shangazi akiwa ameketi kwenye kigoda akimwelekeza. Ikatoka chachu. Wazee wakapokea kata, wakanywa kimya, kisha baba mdogo akasema, "Hii imetoka Dar es Salaam na basi la usiku." Kicheko kilichofuata kilikuwa cha kwanza cha pamoja tangu msiba.

Mwaka huohuo kaka mkubwa alipata kiharusi. Mwezi Machi hakuweza kushika kijiko. Krismasi alitembea kwa fimbo kutoka barabarani mpaka sebuleni, akakataa kushikwa mkono. Na Oktoba binti wa dada alijifungua mtoto wa kike, akapewa jina la bibi yake. Mzazi huyo alikuwa chumba cha ndani akiletewa mtori, akilalamika kwamba amechoka na mtori, na hakuna aliyemjali.

Usiku wa mkesha ndipo ukazuka ubishi wa bahasha. Katika sharika nyingi za KKKT, familia ikitaka kushukuru hutia sadaka kwenye bahasha, ikaandika sababu juu yake, na kwenda mbele pamoja. Kalamu alikuwa nayo dada. Aliandika kupona kwa kaka, akaandika mtoto, akasita. Mmoja wetu akasema ya mama yasiwekwe, maana nani anashukuru kwa kifo? Mwingine akasema tutakuwa tumemficha. Shangazi, aliyeonekana kama amesinzia, akajibu bila kufumbua macho: "Wanangu, tumekaa naye miaka 81. Hiyo nayo si ya kushukuru?" Dada akaandika. Kesho yake mchungaji alisoma sababu zote tatu kwa mpangilio uleule, tukasimama mbele kanisa zima likitutazama, kaka na fimbo yake, mtoto amelala.

Baada ya ibada ukawapo mnada nje, kama kawaida: mayai, kuku, miwa, mikungu ya ndizi iliyoletwa kama sadaka. Dada alikuwa amepeleka mkungu kutoka mgomba wa mama. Wajukuu walishindana kuununua hadi bei ikapita akili, mzee wa kanisa anayenadi akawa anacheka huku akipandisha. Mkungu ukarudi nyumbani kulekule ulikotoka.

Yote haya yanawezekana kwa sababu kihamba kipo. Watu wa mjini husifia Krismasi ya Uchagani kama sherehe ya nyama na pombe, na sisi wenyewe tunachangia sifa hiyo. Lakini nimeona koo zilizouza vihamba. Desemba hukutana ukumbini Dar es Salaam, wakala chakula cha kukodi, wakapiga picha, saa kumi na mbili kila mtu yuko kwenye foleni ya kurudi kwake. Hawana kaburi la kufagia wala ubishi wa kumaliza. Kihamba ni migomba juu, kahawa chini yake, ng'ombe zizini, mfongo unaoleta maji kutoka mlimani, na marehemu wenu humohumo. Mwaka 2011 FAO ilikitambua kilimo hiki, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Wakati huohuo sisi wenye nacho tunakikatakata. Kahawa iliyosomesha wazazi wetu kupitia KNCU, chama cha ushirika kilichoanza mwaka 1933, kwetu imebaki mistari michache.

Ndiyo maana kikao cha ukoo cha tarehe 26, kuhusu nyumba ya wazazi, kilikuwa na uzito. Mila inasema nyumba ya wazazi ni ya kitindamimba wa kiume. Wetu yuko Mwanza, ana kazi na mke wa huko, na harudi karibuni. Aliyemuuguza mama kwa miaka, akamwosha, akakamua ng'ombe saa kumi na moja asubuhi, ni dada aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Lakini kwenye kikao cha ukoo sheria haina kiti. Wanaokaa ni baba wadogo.

Kabla ya ajenda hiyo kulikuwa na kiporo. Ndugu wawili walikuwa hawasemezani tangu Julai kwa sababu ya hesabu za michango ya mazishi. Mdogo aliingia na jani la isale, akaliweka mbele ya mkubwa wake pamoja na kata ya mbege. Isale ndiyo tunayopanda kwenye mipaka ya vihamba, na ndiyo inayoletwa kuomba msamaha. Kimila aliyeletewa hakatai. Mkubwa alilitazama kwa muda mrefu kuliko tulivyopenda, kisha akanywa.

Baada ya hapo mambo yakaenda. Kitindamimba mwenyewe ndiye aliyetoa hoja kwamba dada abaki na nyumba pamoja na migomba inayoizunguka, ndugu wengine wawe na haki ya kufikia na kuzikwa. Baba mdogo mmoja alipinga, akasikilizwa, akashindwa. Muhtasari uliandikwa kwenye daftari la shule, kila mtu akatia sahihi, na nakala imepelekwa ofisi ya kijiji.

Kama bado una mzazi kihambani, muulize mwenyewe nani abaki na nyumba, na jibu lake liandikwe yeye akisikia.