Mtandao Haulimi: Taja Shamba na Mwenye Picha Kabla Hujaisambaza

Leo naweka kando mbolea na viuatilifu. Nataka tuzungumze jambo tunalolifanya kila siku tukiwa na simu mkononi: kuchukua picha ya shamba la mtu, au ujuzi wa mtu, na kuurusha kwa wengine bila kumtaja. Nasema tunalifanya kwa sababu na mimi nimo. Kisa cha kwanza ni changu mwenyewe.

Mwaka fulani, mwezi wa tisa, niliona picha ya vitunguu vya dada mmoja anayelima Ruaha Mbuyuni, kule njiani ukielekea Iringa. Vitunguu vimejaa, vyekundu, shingo zimelala vizuri, tayari kuvunwa. Chini ya picha alikuwa ameandika maelezo yake, kwa maana hii: mbegu ni Mang'ola Red, miche nimeihamisha wiki ya pili ya mwezi wa tano mvua zikiwa zimekata, namwagilia kwa mfereji, hapa kwetu ni joto na pakavu, anayetaka kulima kipindi cha mvua asifuate ratiba yangu.

Mimi nikafanya nini? Nikaichukua ile picha peke yake, nikaitupia kwenye grupu la vijana wa kata ninayohudumia. Juu yake nikaandika: "Vijana, vitunguu hivi vinawezekana!" Basi. Hakuna jina, hakuna eneo, hakuna mwezi. Nilitaka kuwatia moyo. Ndani ya siku mbili picha ilikuwa imefika magrupu ambayo hata siyajui.

Kijana mmoja wa grupu letu ikamwingia. Akakodi nusu ekari, akanunua kilo mbili za mbegu, akasia kitaluni mwezi wa kumi na mbili, akahamisha miche mwishoni mwa Januari. Huku kwetu ni juu, ukungu asubuhi, na Januari mvua inanyesha kwelikweli. Kufikia Machi majani yalikuwa na madoa ya zambarau yanayozidi kupanuka, ncha zimekauka kama zimepitiwa na moto. Ule ni ugonjwa wa ukungu unaopenda majani yanayokaa na maji muda mrefu. Alipuliza dawa mara tatu, mvua ikaosha. Alipoteza karibu laki tisa, na sehemu ya hela hiyo ilikuwa ya kuazima kwa mjomba wake.

Nilipomtembelea shambani aliniuliza swali moja tu: "Bwana shamba, yule wa kwenye picha alitumia dawa gani?"

Sikuwa na jibu la dawa, maana hapakuwa na dawa ya ajabu. Mwenye picha alilima kiangazi, kwa mfereji, kwenye joto. Aliandika yote hayo. Aliyeyakata ni mimi.

Simu ya pili

Haikuishia hapo. Mwezi wa nne nikapigiwa simu na namba nisiyoijua.

"Shikamoo bwana shamba."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Mimi ndiye mwenye vile vitunguu ulivyovirusha mwaka jana. Nimefuatilia mtu mmoja mmoja hadi nimefika kwako."

Akanieleza. Picha yake ilikuwa imeokotwa na mfanyabiashara mmoja wa mbegu, akaweka namba yake ya simu juu yake na kuuza mbegu za aina nyingine kabisa. Watu waliokuwa wanalifahamu shamba la yule dada wakaamini ni yeye anauza. Mbegu zilipokataa kuota, lawama zikaenda kwake. Mnunuzi wake mmoja wa siku nyingi akaacha hata kupokea simu zake.

"Bwana shamba, sikudai hela," akasema. "Ningeona jina langu pale, watu wangenipigia mimi kwanza kabla ya kununua. Ningewaambia si mimi."

Nilimwomba radhi. Siku hiyohiyo nikairudisha picha kwenye grupu, safari hii na jina lake (kwa ruhusa yake), eneo, mwezi na maelezo yake yote, na nikaandika wazi kwamba kosa lilikuwa langu. Hela ya kijana haikurudi. Mnunuzi wa dada naye sijui kama alirudi, sikupata ujasiri wa kuuliza.

Jina la mwenye picha ni sehemu ya ushauri

Wengi wanadhani kumtaja mtu ni adabu tu, kama kusema asante. Ni adabu, ndiyo. Ila kwa sisi wakulima ni zaidi ya hapo. Jina na eneo vinakwambia udongo gani, mwinuko gani, mvua kiasi gani, msimu upi. Ukivitoa, ushauri unabaki mifupa.

Chukua mashimo ya Chololo. Jina lenyewe limebeba asili yake: Chololo ni kijiji cha Dodoma. Wakulima wa huko huchimba mashimo madogo kwa mistari, kina chake kama sentimita 30, wanaweka samadi ndani, wanapanda humo mtama, uwele au mahindi. Maji machache yanayonyesha yanakusanyika kwenye shimo badala ya kukimbia na udongo. Dodoma ni nchi kame, kwa hiyo shimo ni akiba ya maji. Sasa chukua picha ya mashimo hayo, futa neno Chololo, mpelekee kijana wa Rungwe ambako mvua ni nyingi mno. Atachimba vizuri kabisa, na mahindi yake yatasimama kwenye maji. Neno moja tu, Chololo, lingemfanya ajiulize kwanza.

Au chukua kilimo cha sukuma-vuta. Kilianzia kwenye utafiti wa icipe kule Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria, wakishirikiana na Rothamsted ya Uingereza. Unapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, inawafukuza nondo wa funza wa mabua na kudhoofisha kiduha. Kuzunguka shamba unapanda majani ya tembo, yanawavuta nondo wakatage huko. Nimeshaona picha inazunguka ya mahindi mazuri yaliyozungushiwa majani ya tembo, na maneno "zuia wadudu bila dawa". Desmodiamu haionekani, chanzo hakipo. Anayeiga anafanya kuvuta bila kusukuma. Angeujua mwanzo wa jambo, angetafuta maelezo kamili na kuona nusu nyingine.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na ujuzi ni mali. Daftari lake ni jina la aliyeutoa.

Sheria inasemaje?

Hapa nawagusa hasa ninyi mnaofanya kilimo biashara, kwa sababu mnatangaza mazao, miche na mashamba darasa.

Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, na ofisi inayosimamia hakimiliki ni COSOTA. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2001 na ofisi yao ni KECOBO. Nchi zote mbili ni wanachama wa Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mara ya kwanza mwaka 1886. Mambo matatu ya kushika:

1. Picha inalindwa tangu inapopigwa. Mwenye picha halazimiki kuisajili kwanza ndipo iwe yake. Kwamba umeikuta wazi mtandaoni haina maana kwamba ni ya kila mtu.

2. Wazo lenyewe halilindwi na hakimiliki. Mtu akikufundisha kupanda vitunguu kwa nafasi fulani, hawezi kukuzuia kupanda hivyo. Kinacholindwa ni maandishi yake, picha zake, video zake. Lakini kutokulazimishwa na sheria hakukufanyi kuwa mgunduzi. Umejifunza kwa jirani, sema umejifunza kwa jirani. Umepata TARI, sema TARI.

3. Kutaja jina si sawa na kuomba ruhusa. Hapa vijana wengi wanateleza. Ukitumia picha ya shamba la mtu kuuza miche yako, kuandika jina lake pembeni hakutoshi. Hiyo ni biashara, muulize kwanza. Tena mnunuzi akija shambani kwako na kukuta si lile alilooneshwa, hakuna sheria itakayokurudishia imani yake.

Kuna picha ambazo wenyewe wametoa ruhusa mapema, hasa za taasisi za utafiti, kwa leseni za Creative Commons. Nyingi zinakuruhusu kutumia mradi umtaje mwenyewe, na nyingine zinakataza matumizi ya biashara. Soma maneno yaliyo chini ya picha kabla hujaichukua.

Namna ya kutaja

Usiandike "picha kwa hisani ya mtandao". Mtandao haulimi, haupalilii, haumwagilii. Kuna mtu aliamka alfajiri. Mimi siku hizi naandika mambo matano:

- Nani: jina au jina la shamba kama anavyotaka liandikwe.
- Wapi: kata au wilaya, na kama ni nyanda za juu au tambarare.
- Lini: mwezi wa kupanda na mwezi wa picha.
- Nini: aina ya mbegu, na maji ni ya mvua au ya umwagiliaji.
- Nimeipata vipi: amenitumia mwenyewe, au nimeitoa kwenye ukurasa wake, na kiungo kama kipo.

Mfano: "Vitunguu aina ya Mang'ola Red, shamba la dada fulani, Ruaha Mbuyuni. Miche ilihamishwa Mei, umwagiliaji wa mfereji. Picha ya Septemba, ametuma mwenyewe na ameruhusu." Mistari mitatu tu. Mimi ningeiandika siku ile, kijana wangu angeniuliza kabla ya kukodi shamba: "Bwana shamba, huku kwetu Januari inawezekana?" Na jibu ningekuwa nalo.

Kuomba ruhusa nako si kazi. Andika hivi: "Habari za kazi, dada. Naitwa fulani, nalima nyanya Kilolo. Naomba kuwaonesha wenzangu picha yako ya kitalu, nitataja jina lako na eneo. Kama hupendi, hakuna shida." Katika watu niliowaandikia tangu wakati ule, wengi wamekubali, na kadhaa wameongeza maelezo ambayo hayakuwepo kwenye picha. Ukiomba ruhusa unafungua mlango wa kujifunza zaidi.

Ikikufikia picha isiyo na mwenyewe

Ujumbe ukisambazwa kwenye WhatsApp, unakufikia ukiwa na alama kwamba umesambazwa, lakini jina la aliyeanza halisafiri nao. Tena picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, programu inaibana na taarifa zilizokuwa ndani yake, kama tarehe na mahali ilipopigwa, zinaondolewa. Kwa hiyo:

- Muulize aliyekutumia: umeipata kwa nani? Fuata mnyororo japo hatua mbili.
- Itafute kwa Google Lens. Mara nyingi utaona ilikotokea mara ya kwanza, na unaweza kugundua kwamba "parachichi za Njombe" ni za nchi nyingine kabisa.
- Ukikosa, usiirushe kama ushauri. Piga ya kwako, hata kama shamba lako si la kuvutia. Shamba la kweli lenye magugu mawili matatu linafundisha kuliko shamba zuri lisilojulikana liko wapi.

Na wewe unayepiga picha

Jilinde mapema. Andika jina na eneo juu ya picha yenyewe, katikati ya mazao na si pembeni ambako ni rahisi kukata. Mwezi na aina ya mbegu viwepo humohumo ndani ya picha, siyo kwenye maelezo ya chini tu, kwa sababu watu kama mimi wa zamani tunayaacha nyuma. Hifadhi picha ya asili kwenye simu yako au mahali pengine. Siku ukibishaniwa, hiyo ndiyo hati yako. Na ukimkuta mtu ametumia picha yako, anza kwa simu ya heshima kama ile niliyopigiwa mimi. Wengi wetu tumekosea kwa pupa, si kwa wizi.

Yule kijana wangu hakuacha kilimo. Mwezi wa tano uliofuata nilimpa namba ya dada wa Ruaha Mbuyuni, baada ya kumwomba dada ruhusa. Waliongea karibu saa nzima. Alipanda robo ekari tu, akiogopa, kwa maji ya kisima cha jirani. Alipovuna aliniletea picha kwenye simu. Kabla hata sijaifungua akaniambia: "Bwana shamba, ukiirusha hii, andika jina langu. Na la dada pia."

Nimeandika yote mawili. Kazi njema shambani.