Mama duma hana ngome

Saa sita mchana, jua likiwa utosini, nyanda za Ndutu kusini mwa Serengeti hutulia. Simba wamelala vivulini mwa migunga, fisi wamejilaza kwenye madimbwi ya tope. Wakati huo ndipo mama duma hupanda juu ya kichuguu, akakaa wima, akaanza kuukagua uwanda. Anatafuta swala tomi, ila kwanza anatafuta adui. Asipomwona simba wala fisi, ndipo huteremka kwenda kuwinda.

Duma husifiwa kwa mbio, na sifa hiyo anaistahili. Lakini ukimtazama kwa muda mrefu utaona kwamba kinachoyaongoza maisha yake ni tahadhari. Anawinda mchana, na usiku wa mbalamwezi pia, kwa sababu giza zito ni la wenye nguvu kumzidi.

Watafiti waliowavisha kola duma wa Botswana walitangaza mwaka 2013 kasi kubwa kuliko zote walizopima: kilomita 93 kwa saa. Katika mamia ya mikimbio waliyorekodi, wastani wa umbali ulikuwa mita 173 tu, na mara nyingi duma hakuifikia kabisa kasi yake ya juu. Silaha yake hasa ni kuchomoka ghafla na kukata kona papo hapo swala anapokata. Kucha zake hazirudi zote ndani kama za chui, hivyo huuma ardhi, na mkia mrefu humsawazisha asipinduke. Mwili wa namna hiyo una gharama yake: taya ndogo, mifupa myembamba, uzito wa kilo 35 hadi 60 hivi, wakati dume la simba hupita kilo 150. Duma akivunjika mguu katika ugomvi wa mzoga hawindi tena, na kama ni mama, wanawe ndio basi. Kwa hiyo fisi mmoja tu akitokea, yeye huiacha nyama na kuondoka.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba duma hukatiza mbio kwa sababu mwili wake huchemka. Utafiti wa Namibia uliochapishwa mwaka huohuo wa 2013, kwa kupima joto la duma waliokuwa wakiwinda wenyewe, ulionyesha vingine. Wakati wa kukimbia joto halikupanda kwa kiasi cha kumsimamisha. Lilipanda baada ya mbio, na lilipanda zaidi kwa duma aliyeua kuliko kwa aliyekosa, ingawa wote walikuwa wamejituma kwa kiwango kilekile. Watafiti waliona kwamba chanzo ni wasiwasi, maana aliyekosa hana cha kuporwa. Katika yote niliyosoma kuhusu mnyama huyu, hilo ndilo lililonigusa kuliko mengine. Hata ushindi wake huja na hofu.

Sasa mpe mnyama huyo watoto. Mimba huchukua miezi mitatu, na jike huzaa watoto watatu hadi watano, vipofu, wenye uzito wa gramu mia tatu hivi. Baba hana sehemu yoyote katika malezi. Mama huwaficha kwenye majani marefu au kati ya mawe, na kila baada ya siku chache huwahamisha mmojammoja kwa mdomo ili harufu yao isizoeleke mahali pamoja. Mgongoni wana manyoya marefu ya kijivu, na wapo wanaodhani kuwa yanawafanya wafanane na nyegere, mnyama ambaye wengi hawathubutu kumchokoza. Kila anapokwenda kuwinda, mama hana wa kumwachia.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Karen Laurenson aliwafuatilia majike waliokuwa wakizaa katika nyanda za Serengeti. Alikuta kwamba ni mtoto mmoja hivi kati ya 20 aliyefikia umri wa kujitegemea. Wengi waliuawa na simba, mara nyingi bila hata kuliwa. Si kila mahali pako hivyo: huko Kgalagadi, kusini mwa Afrika, utafiti wa baadaye ulikuta zaidi ya theluthi moja wakinusurika. Lakini hesabu ya Serengeti inaonyesha jinsi uwanda ulio wazi ulivyo mkali kwa kiumbe kisichoweza kupigana.

Wanaonusurika hukaa na mama hadi miezi 18 hivi. Mama huwaletea swala wachanga walio hai wajifunze kuua, na kwa wiki nyingi watoto huboronga tu. Akishawaacha, ndugu hukaa pamoja kwa muda. Kisha majike hujitenga na kuishi peke yao, wakifuata swala katika eneo la mamia ya kilomita za mraba. Madume wa tumbo moja mara nyingi hawaachani maisha yao yote. Kule Maasai Mara liliwahi kuvuma kundi la madume watano, Tano Bora, waliokuwa wakiangusha nyumbu na nyamera.

Watalii hupenda mchana, naye duma huonekana mchana. Dereva mmoja akimwona, redio inalia, na baada ya muda mfupi magari yamemzunguka. Swala wanashtuka. Mama anashindwa kuona ng'ambo ya magari ni nani anakuja. Wapo madereva wanaofurahi duma akipanda juu ya gari, maana bakshishi huwa nono siku hiyo, lakini mama aliyepanda gari mara nyingi anatafuta kichuguu cha kuchungulia adui.

Madhara ya magari hayo yamepimwa. Mwaka 2018 mtafiti Femke Broekhuis alichapisha matokeo kutoka Mara: katika maeneo yenye watalii wengi, jike alilea kwa wastani watoto 0.2 tu kwa kila uzao hadi kujitegemea. Kwenye watalii wachache wastani ulikuwa 2.3. Ni nyika ileile na swala walewale. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2016 yaliweka duma wote wa porini duniani kuwa 7,100 hivi, kwa hiyo tofauti ya watoto wawili kwa kila uzao ni kubwa mno kuifumbia macho.

Dawa haihitaji kuwafukuza wageni. Katika hifadhi za jamii zinazopakana na Mara, Wamaasai hukodisha ardhi yao kwa masharti ya vitanda vichache na magari machache, nao wanalipwa. Ndani ya Mara kwenyewe kanuni inataka magari yasizidi matano kwa mnyama mmoja, na anayeivunja anapaswa kutozwa faini bila kuulizwa amebeba mgeni gani. Kwa jike mwenye vichanga, mimi ningetaka hata hayo matano yasimkaribie. Tanzania nayo, katika msimu wa kuzaa nyumbu ambapo Ndutu hujaa magari, inahitaji askari wengi zaidi uwandani saa za adhuhuri. Na muongozaji mwenye busara huzima injini mbali, humpa mgeni darubini, na mama akianza kunyemelea swala, hakuna gari linalosogea mpaka awe amekwisha kula.